Jioni Niliyomsomea Babu Habari za Khedive Ismail

Mwaka 1999 mwalimu wangu wa historia aliniazima kitabu cha Kiingereza kuhusu Khedive Ismail, meli ya abiria iliyofanywa ya kubeba askari katika Vita Kuu ya Pili. Kimeandikwa kwa mtindo wa hadithi, kila tukio na watu wake. Jioni moja nilikaa nacho barazani kwetu Majengo, Mombasa, nikimsimulia babu kwa Kiswahili kila nilichosoma. Babu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki; alipigana Burma. Nilipotaja jina la meli, akakiweka chini kikombe cha kahawa.

"Hiyo ilitoka hapa hapa, Kilindini."

Kweli. Iling'oa nanga mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo, Ceylon (Sri Lanka ya leo), na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Tarehe 12, mchana, karibu na Maldives, abiria wengi walikuwa wamekusanyika kwenye burudani ya muziki. Nyambizi ya Kijapani, I-27, ikaipiga kwa topido mbili. Dakika mbili hivi, meli ikawa imekwenda.

Mwandishi wa kitabu alijua kazi yake. Dakika zile mbili alizinyoosha hata nikahisi sakafu ikilala upande, na mimi nimekaa juu ya saruji.

Kisha likaja lililo gumu. Nyambizi ilijificha chini ya maji, palepale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari Paladin ilikuwa imeshusha mashua kuwaokoa. Petard, manowari nyingine ya msafara, ikapita ikiangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji, watu wakiwa bado baharini. I-27 ingeachwa, ingeweza kuzigeukia meli zilizobaki. Mwishoni ilizamishwa kwa topido ya Petard.

"Ngoja," babu akasema. "Huyo mwandishi, hapo amesimama wapi?"

"Juu ya manowari, babu. Pamoja na nahodha."

"Nipeleke majini."

Nikarudisha kurasa nyuma, nikatafuta. Maneno ya walioogelea yalikuwamo, lakini yalikuwa mistari michache, nayo ya maofisa. Nikayasoma yote, polepole. Babu aliinamisha kichwa, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Babu hakumlaumu nahodha. Alisema askari anayeamriwa kuchagua kati ya wafu na wafu ana haki ya kuombewa. Lakini alitaka kuwasikia vijana wa mizinga, wengi wao watoto wa bara wasiojua kuogelea, na kitabu kizuri namna ile kilikuwa kimewapa namba tu. Naliona pengo hilo hadi leo kila ninaposoma historia za vita vile.

Nikamsomea hesabu: wafu 1,297. Wanawake 77 walikufa, sita wakapona.

"Sisi tulikuwa Ceylon tayari," akasema. "Tuliambiwa mizinga yaja. Tukangoja."

Akaniuliza kama majina yao yameandikwa popote. Nikamjibu kwamba yapo Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, katika kumbukumbu ya wasio na kaburi. Akanituma nikamsomee Fatiha kila mwenye jina la Kiislamu, na wengine niwaombee kwa namna yao. Likizo iliyofuata nilipanda basi la usiku, nikaenda.