Lexus LS400 ya UCF10: tone linalodondoka injini ikishazimwa

Leo ni siku ya kumi na moja, na kadibodi iliyotandikwa chini ya alteneta bado ni kavu. Gari hili, LS400 ya kizazi cha kwanza (UCF10), limefunguliwa mara tatu kwa ajili ya tone moja jekundu, na mara zote tatu tone lilirudi. Sasa limekata, na ugonjwa haukuwa ndani ya pampu ya stelingi yenyewe.

Wenye Toyota Celsior ya miaka ileile wasome pia, kwa sababu ni gari lilelile, injini ileile ya 1UZ-FE, na pampu imekaa mahali palepale pabaya: juu ya alteneta. ATF (mafuta mekundu ya gia otomatiki, yanayotumika pia kwenye stelingi hii) ikivuja inaingia ndani ya alteneta, inalowesha brashi, unga wa kaboni unageuka uji mweusi, na chaji inaanza kuyumba. Watu wengi hununua alteneta mpya, wakaifunga chini ya uvujaji uleule, kisha wakashangaa nayo inakufa. Alteneta haiguswi mpaka tone lililo juu yake likomeshwe.

Kwanza niandike kilichokosewa, maana ndicho kilichokula muda. Mara ya kwanza ilibadilishwa oringi iliyo kati ya kopo la ATF na pampu. Ilikuwa imekauka kama plastiki, kwa hiyo kazi haikupotea, lakini baada ya siku tisa tone likarudi. Mara ya pili pampu ilishuka, sili ya shafti ikabadilishwa pamoja na oringi zote za ndani. Siku kumi na mbili. Mara ya tatu ni washa za bolti ya paipu ya presha, zile mbili zinazobana kichwa cha paipu juu na chini. Siku nane.

Siku hizo za ukavu ndizo zilizodanganya. Kila safari pampu ilipooshwa ikang'aa, mfumo ukamwagwa, kwa hiyo kila safari uvujaji ulihitaji muda kujaza njia yake upya kabla ya kudondosha. Halafu mafuta yote, yatoke wapi yatoke, hufuata umbo la pampu mpaka ncha ya chini ya breketi na kudondokea hapohapo. Ukilala chini ukaangalia tone, umeona lilipoishia. Lilipoanzia hujapaona.

Kilichofungua fumbo ni jambo dogo: injini ikiwaka, hakuna tone hata moja. Nusu saa inanguruma, kukavu. Ukizima, dakika chache baadaye tone la kwanza linatua. Sili mbovu au washa mbovu ingevuja zaidi pampu ikiwa kwenye presha, sio kidogo. Ni kitu gani kinavuja presha ikiwa haipo?

Jibu: kitu ambacho injini inakinyonya ikiwaka.

Kwenye pampu hii kuna valvu ndogo ya hewa yenye nipeli mbili. Ukikata usukani hadi mwisho, presha ya ATF inaisukuma valvu, nayo inafungua hewa ipite pembeni ya throto kuingia kwenye manifodi ili injini isizimike kwa mzigo. Hozi moja inatoka kwenye bomba la hewa kabla ya throto, nyingine inaenda kwenye manifodi. Valvu ikichoka ndani, ATF inapenya upande wa hewa. Injini ikiwaka, manifodi inaivuta na kuichoma, na ndio ule moshi mweupe wa kuanzia asubuhi ambao wengi huulaumu gasketi ya silinda hedi. Ukizima, mvuto umekwisha, mafuta yaliyobaki kwenye hozi yanatafuta ufa na kushuka kwenye alteneta.

Ushahidi ulitoka kwa poda ya watoto. Pampu yote ilioshwa kwa breki klina, ikapulizwa hewa mpaka kwenye pembe, kisha poda ikapakwa kwa brashi kavu ya rangi mpaka chuma kikawa cheupe chote. Dakika 30 magurudumu yamenyooka: nyeupe. Kukata usukani kushoto na kulia mara kumi: nyeupe bado. Injini ikazimwa, tochi ikawekwa. Dakika ya saba, chini ya klipu ya hozi ya upande wa bomba la hewa, poda ikaanza kuwa ya waridi. Alama ndogo kama punje ya mchele, kisha mstari mwembamba unaoteremka taratibu kufuata mshono wa pampu, ukapita kando ya washa mpya na sili mpya bila kuzigusa, mpaka ncha ya breketi. Hozi ilipochomolewa kilimwagika kama kijiko kimoja cha ATF, na mdomo wake ulikuwa umekakamaa na kupasuka ukikunjwa kidogo tu.

Dawa za kuongeza rangi na taa ya urujuani zinasifiwa sana, lakini kwenye kona hii poda inazishinda. Rangi inahitaji muda wa kuzunguka kwenye mfumo na ikishamwagika inang'aa kila mahali. Poda inaonyesha mwanzo. Dawa za kuziba mivujo ya stelingi usizitie kabisa: zinavimbisha mpira, sili nzuri zinalainika nazo, na valvu hii haiponi.

Kuhakikisha kabla ya kununua: chomoa hozi zote mbili kwenye valvu, ziba nipeli zote za upande wa injini, kisha endesha siku mbili. Moshi ukikata, umeshapata. Lakini nipeli za kwenye valvu yenyewe nazo zizibwe, vinginevyo ATF itatokea hapo wazi. Vifuniko vya mpira wa kawaida wa vakyumu, ule wa EPDM, havifai upande huo, maana mafuta ya aina ya ATF huuvimbisha na kuulainisha. Tafuta mpira wa nitrili na ubane kwa klipu. Kuna wanaoacha vifuniko moja kwa moja. Injini itashuka kidogo mzunguko ukikata usukani gari limesimama, basi. Hapa imefungwa valvu mpya, pamoja na hozi mbili mpya zinazostahimili mafuta. Nyuzi za pampu ni za kushika kwa heshima: anza kwa vidole tu mpaka ikae, spana baadaye.

Sasa swali la kwa nini sili na valvu zilichoka pamoja. Kwenye raki ya stelingi kuna solenoidi inayopunguza wepesi wa usukani mwendo ukiongezeka, na ncha yake ina chujio dogo la waya, dogo kuliko ukucha. Likiziba, pampu inaelemewa, inalia, na usukani unakuwa mzito. Hili lilikuwa na tope jeusi la kutosha kufunika karibu nusu yake. Lisafishwe kwa breki klina na mswaki laini, bila sindano, na oringi mpya iwekwe. Kelele ya pampu iliyokuwa ikilaumiwa beringi imepungua sana baada ya hapo.

ATF ni Dexron II au III. Hozi ya kurudi ilichomolewa na kuelekezwa kwenye chupa, nipeli ya kopo ikazibwa, magurudumu ya mbele yakiwa juu ya stendi, usukani ukazungushwa injini imezimwa huku ATF mpya ikimiminwa, mpaka inayotoka ikawa nyekundu safi. Lita 2 zimetosha. Kutoa hewa: zungusha mwisho hadi mwisho mara 20 polepole kabla ya kuwasha, na ukishawasha usiushikilie mwishoni zaidi ya sekunde chache. Povu likionekana, zima na usubiri litulie.

Alteneta imepona bila kununuliwa. Brashi mpya, na sliping (pete za shaba zinazosuguliwa na brashi) zikasafishwa kwa breki klina na sandpepa laini sana. Inatoa volti 14.1 taa zikiwa zimewashwa, na mita ikiwekwa kwenye AC inasoma chini ya volti 0.1, kwa hiyo dayodi ni nzima.

Mpango wa wiki hii ulikuwa belti ya taimingi na wotapampu. Vimewekwa kando. Hata hozi zikiwa zimezibwa kabisa, mzunguko wa chini ulikuwa ukipanda na kushuka, na gia ya pili kuingia kwa kishindo injini ikiwa ya moto. Kwenye UCF10 dalili hizo zikikutana, kitu cha kwanza kushuku ni kompyuta ya injini, nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Kifuniko kilipofunguliwa, harufu ya samaki. Kapasita mbili zimetoa maji chini yake, na shaba ya ubao imeanza kuwa ya kijani.

Kapasita zote za maji (elektroliti) zinatolewa, sio hizo mbili tu. Thamani zimeandikwa moja moja na pande za hasi zimepigwa picha kabla ya kutoa. Mpya ni za nyuzijoto 105, volti isiyopungua ya zamani. Ubao umeoshwa kwa spiriti ya isopropili mara tatu, na njia moja ya shaba iliyoliwa itarukwa kwa waya mwembamba. Chuma cha kulehemu chenye kudhibiti joto ni lazima kwenye kazi hii, kwa sababu cha bei rahisi kinang'oa vijiduara vya shaba, na ubao huu una matabaka.