Umeme ukikatika, kikao hakikatiki

Nilipoaga kwamba nahamishia kazi zangu za mtandaoni kwenye nchi ya joto, kila mtu alikuwa na ushauri, na karibu wote ulikuwa wa ufukweni: beba kompyuta, tafuta kivuli, kazi itajiendesha. Ushauri huo unanikera mpaka leo. Aliyeutoa hajawahi kufungua kompyuta juani. Mwangaza unafuta kioo chote, unabaki unajiona uso wako mwenyewe. Tena kompyuta nyingi zimeandikiwa zitumike pasipozidi nyuzi 35 za sentigredi, na kibarazani joto hilo linafika asubuhi haijaisha. Feni inalia, mashine inajipunguzia kasi, betri inachakaa kabla ya siku zake. Mimi nafanyia kazi chumbani, upande usiopigwa na jua la jioni, basi.

Wanaoniuliza habari za maisha haya huanza na viza. Viza ina taratibu zake na ukifuata unapata. Barbados ilianzisha ya wafanyakazi wa mbali mwaka 2020, ya miezi 12, na nchi nyingine za joto zikafuata. Mimi kilichotaka kuninyang'anya riziki ni umeme.

Naandaa ripoti za hesabu kwa wateja wa Ulaya na Marekani, na kila wiki nina vikao viwili vya video. Mwezi wa kwanza nilipotea kikaoni mara tatu. Nikaambiwa ninunue UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia vifaa umeme ukikatika. Nikanunua, nzito kama tofali, nikachomeka kila kitu: kompyuta, skrini ya pili, na ruta inayorusha Wi-Fi. Umeme ulipokatika ikapiga kelele dakika 15 hivi, ikazima. Umeme ulirudi baada ya saa 3.

Fundi niliyemwita aiangalie hata hakuifungua. Aligeuza adapta ya ruta akanionyesha maandishi madogo. "Dada, soma hapa. Ruta inakula volti 12 tu, na kompyuta ina betri yake. Mzigo wote huu wa nini?"

Maneno yale yalinifungua macho. Betri ya UPS yenyewe ni ya volti 12. Umeme wake unapandishwa uwe kama wa ukutani, halafu adapta inaushusha tena kuwa 12, na kwenye kupanda na kushuka huko unapotea bure. Nilichohitaji ni pawabenki na waya wa kupandisha volti 5 kuwa 12.

Jaribio la kwanza liliniangusha. Ruta iliwaka, taa zikapepesa, zikazima, zikawaka tena, hivyo hivyo kila dakika. Nilidhani waya ni mbovu, nikanunua mwingine, yale yale. Usiku nikakaa chini nikapiga hesabu: tundu la pawabenki yangu ya zamani lilitoa volti 5 kwa ampea 2, yaani wati 10, na waya nao unakula kidogo. Ruta ilipoanza kurusha Wi-Fi ilitaka zaidi ya kilichobaki. Nikatafuta pawabenki ya mAh 20,000 yenye tundu la kuchaji haraka, la wati 18. Ruta ikatulia. Nilikaa sakafuni nikiitazama ile taa ya kijani kama mtu anayeangalia uji usifurike.

Wiki ile ile umeme ukakatika kikaoni. Wi-Fi imejaa mistari yote, lakini mtandao hakuna! Nilikuwa nimesahau kile kisanduku cheupe cha mkongo kilichobanwa ukutani, kinacholeta mtandao kwenye ruta. Bila hicho, ruta inarusha hewa tupu. Nacho kikapata pawabenki yake. Vyote hivyo havikufika nusu ya bei ya ile UPS, na vinanipa saa 6 au 7. Ukinunua, hakikisha pawabenki inachaji na kutoa umeme kwa wakati mmoja, na haikati hata kidogo umeme unaporudi; nyingine hukata, ruta inaanza upya. Angalia pia kama chanya ya plagi iko katikati, imechorwa kwenye adapta.

Radi nayo ni habari nyingine. Msimu wa mvua radi hupenda alasiri, ardhi ikishapata joto. Ikianza kunguruma nachomoa kila kitu ukutani, sitegemei kizuizi cha radi cha dukani. Na laini ya simu ya akiba, ya mtandao mwingine, ina bando muda wote.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni saa. Huku saa hazibadilishwi. Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huo huo. Katikati hapo kikao chenye watu wa pande zote mbili kinasogea bila wewe kugusa chochote. Nilikosa kimoja hivyo, na iliniuma kweli. Sasa kalenda yangu ina saa tatu pembeni.

Mwezi uliopita umeme ulikatika saa 12 jioni nikiwa nasoma takwimu mbele ya watu tisa. Giza huku halibembelezi, linaingia mara moja. Baada ya muda mteja akauliza, "Mbona hatukuoni vizuri?" Nikawasha tochi ya simu, nikaiegemeza kwenye kikombe, nikaendelea na ukurasa wa nne.