Oili ilidondokea kwenye gia boksi, chanzo kikawa juu

Gari lilikuwa la petroli, silinda 4, na oili ilidondoka pale injini inapoungana na gia boksi. Matone ya mahali hapo hukumu yake huwa tayari: "Sili ya nyuma ya krankishafti imekwisha, tushushe gia boksi," yaani mpira unaozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea nyuma. Hiyo ni kazi kubwa mno kuianza kwa kukisia. Sikushusha kitu kabla ya kuiona oili inatokea wapi.

Nilitandika kadibodi safi chini ya injini usiku kucha na kuchora juu yake mahali yalipokaa magurudumu ya mbele, ili asubuhi nijue kila doa liko chini ya kifaa gani. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi. Ya gia boksi ya otomatiki mara nyingi ni nyekundu, na ya manyuo ni nzito na hunuka kiberiti. Hapa tofauti hiyo ina uzito, maana sili ya shafti inayoingiza mzunguko kwenye gia boksi inakaa jirani na sili ya krankishafti, na zote mbili zikivuja hutonea sehemu ileile. Doa langu lilikuwa jeusi, halina harufu ya kiberiti.

Injini yenye matope ya oili haisomeki, kwa hiyo niliiosha ikiwa imepoa. Nilifunika altaneta, koili na mdomo wa hewa kwa nailoni, nikapulizia dawa ya kutoa grisi, nikaiacha dakika 10, nikasugua kwa brashi na kusuuza kwa maji ya presha ndogo. Maji ya presha kubwa huingia kwenye soketi za umeme, na hapo unazaa ugonjwa mwingine. Petroli isitumike kabisa kuoshea injini. Cheche moja inatosha.

Oili hushuka kwa uzito wake, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Chanzo basi hutafutwa kwenye unyevu ulio juu kabisa na mbele kabisa, hata kama tone lenyewe linaning'inia mbali na hapo. Niliwasha injini mpaka feni ikazunguka, nikamulika kwa tochi na kioo kidogo, pakavu kote. Mivujo mingi midogo haijitokezi gari likiwa limesimama.

Nikaongeza kwenye oili rangi inayong'aa ikimulikwa kwa taa ya urujuanimno (UV). Kipimo cha kawaida ni kama mililita 30 kwa injini ya lita 4 hadi 5, ila kinachofuatwa ni maelezo ya chupa. Baada ya safari ya kilomita 20 hivi nilipandisha gari kwenye stendi, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa ukiwa chini ya gari, nikamulika gizani kwa taa hiyo ya UV. Mstari wa kijani-njano, mwembamba, ulikuwa unatoka kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), unashuka mgongoni mwa silinda hedi, unapita kando ya swichi ya presha ya oili, kisha unajikusanya kwenye mdomo wa gia boksi. Swichi yenyewe nilichomoa soketi yake na kutazama ndani, kwa kuwa huvujia katikati, kwenye plastiki, huku nje ikionekana safi. Ilikuwa kavu.

Kabla ya kubadilisha gasketi ya tapeti kava, mpira unaoziba ukingo wake, nilipima presha ya ndani ya injini. Hili watu wengi hulipita, na ndilo linalofanya gasketi mpya ivuje tena. Injini ikiwa imewashwa bila kukanyaga mafuta, toa kifuniko cha kujazia oili na uweke kipande cha nailoni juu ya tundu. Kikivutwa kidogo ndani, sawa. Hiki kilinyanyuka. Valvu ya PCV, inayotoa mvuke ndani ya injini, nilipoichomoa na kuitikisa haikugonga kama ilivyo nzima, na bomba lake la mpira lilikuwa limejaa utando mweusi. Mvuke ukikosa njia yake, husukuma oili kwenye sili yoyote iliyo dhaifu. Kuna injini ambazo valvu hiyo imejengwa ndani ya tapeti kava. Hizo hazipimwi kwa kutikisa.

Niliweka valvu mpya na kusafisha bomba lake. Gasketi ya zamani ilikuwa ngumu, ikikunjwa inakatika. Silikoni nilipaka kwenye kona tu, pale vipande viwili vya chuma vinapokutana. Ukiipaka kuzunguka gasketi nzima, ya ziada hukatikia ndani na kuziba chujio la pampu ya oili. Boliti nilikaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo. Nyingi za aina hii ni kama Nm (nyutoni-mita) 8 hadi 10. Kukaza zaidi hupinda kava na kuponda mpira.

Kisha nikafuta rangi yote ya zamani, vinginevyo taa itaendelea kuonyesha mvujo uliokwisha pona. Oili iliyojificha ndani ya mdomo wa gia boksi inaweza kudondoka siku kadhaa bado. Tazama kona ya juu: ikibaki kavu, matone ya chini ni mabaki.