Amaleki Hupiga wa Nyuma

Neno la wiki: Kumbukumbu la Torati 25:17-18

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Aliyekulia kijijini anamjua kicheche. Hamvamii jogoo aliyesimama katikati ya uwanja. Hujibanza majanini akingoja kifaranga kilichochoka kibaki nyuma ya mama yake. Huko ndiko kunyemelea, na nadhani aliyeyaita “nyemelezi” magonjwa yanayomvamia mwenye VVU kinga yake ikishuka alikuwa amefuga kuku.

Musa naye anawakumbusha Waisraeli mnyemeleaji wao. Wametoka Misri, wamechoka, jua kali. Amaleki, kabila la jangwani, hakuwakabili mashujaa wa mbele. Aliwapiga wa mwisho kabisa, wale dhaifu waliokuwa wakijikongoja. Ukisoma vizuri utaona Musa hawalaumu wa nyuma kwa kuwa nyuma. Lawama yote ni ya Amaleki.

Sisi tunalaumu. Mtu mwenye VVU akikonda, tunaanza kuhesabu dhambi zake. Kumbe fangasi zinazomletea utando mweupe mdomoni zimo hata vinywani mwa wengi wetu tunaoimba kwaya. Vimelea vya kifua kikuu vimelala katika mapafu ya watu wengi wasiojua. Vinalala kwa sababu walinzi wa mwili wako macho. Virusi huwaua walinzi hao, na CD4, yaani hesabu ya walinzi hao katika tone dogo la damu, zikishuka chini ya 200 lango liko wazi. Kifua kikuu ndicho kinachoongoza kuua watu wanaoishi na VVU. Yupo mwingine mbaya, homa ya uti wa mgongo ya fangasi: huanza kama kichwa kuuma tu, mtu anameza panadoli siku ya kumi na haponi. Huyo akimbizwe hospitali.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye jumuiya niliyokuwa zamani, dada mmoja aliacha kuja. (Ameniruhusu nisimulie, jina nibaki nalo.) Tukasema amepoa kiimani. Ulipoingia mwezi wa pili bila kumwona ndipo tukaenda. Tulimkuta amekaa mkekani, kikombe cha uji kimeganda juu, anashindwa kumeza hata mate. Kopo la ARV, dawa za VVU, lilikuwa nyuma ya Biblia, limejaa. Mhubiri mmoja alikuwa amemwambia kuendelea kumeza ni kumtilia Mungu mashaka.

Nilikasirika, lakini hasira ikanigeukia. Huyo mhubiri alimkuta peke yake. Sisi tulikuwa wapi?

Kliniki walimpima makohozi, wakakuta TB. Akaanza dawa za TB, za fangasi, na Septrini ya kila siku ya kumkinga na nyemelezi wengine, kisha ARV akarudishiwa baada ya muda, si siku ileile. Mama mmoja wa jumuiya alikuwa anapita kila jioni na ndizi mbivu zilizopondwa, akikaa mpaka kidonge kimemezwa. Huwa namfikiria nikisoma Kutoka 17, pale Refidimu, Amaleki yuleyule. Mikono ya Musa ilipolegea, Haruni na Huri hawakumhubiria habari za imani. Walimtafutia jiwe akalie, wakamshika mikono, huyu upande huu na huyu upande huu, hadi jua likatua. Na bondeni Yoshua alikuwa anapigana kwa upanga. Sala ilikuwapo, na upanga ulikuwapo. Kwa hiyo anayekuambia uchague kati ya rozari na kidonge, muulize amesoma sura ipi.

Wiki hii ukipitisha macho kwenye mabenchi, angalia nani hayupo. Usiulize ana ugonjwa gani, hiyo ni siri yake. Nenda na uji.

Yule dada alipona kifua kikuu, ingawa nguvu zilichelewa kurudi. Oktoba, kwenye maandamano ya Rozari, alijipanga mwisho kabisa kama kawaida yake. Mwenyekiti akamfuata, akamleta mbele na kumkabidhi mshumaa. Tukaenda kwa mwendo wake. Vijana walinung'unika, nyimbo zikatuishia njiani, tukaanza upya, na kanisani tuliingia giza limeshashika, wote.