Breki ziligoma Nordschleife, hivi ndo nilivyotatua

Nilikua nimelipia raundi nne pale Nürburgring, uwanja wa mbio za magari Ujerumani, ile njia ndefu ya Nordschleife kilomita 20.8 ambayo siku za wazi unaingia na gari lako la kawaida. Raundi ya pili nashuka kona za Wehrseifen kuelekea sehemu ya chini ya Breidscheid, nakanyaga breki pedeli ikazama kama sponji, aisee moyo ukanipiga paa, nikapampu harakaharaka huku nashusha gia mpaka namba mbili, gari likapunguza, na baada ya pale kuna mlima mkali, huo ndo ulioniokoa. Nikawasha hazadi, nikakaa kulia, nikatoka mdogomdogo.

Kucheki: pedi bado nene, hakuna kinachovuja. Kumbe mafuta ya breki, yana miaka mitatu, meusi kama strungi. Yale mafuta yananyonya unyevu, DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 230 bila kuchemka lakini ikishanywa maji inaweza kushuka mpaka 155, ikichemka inatoa mvuke na mvuke unabonyea, basi pedeli inazama.

Nikamwaga yote nikaweka mapya, tukatoa upepo na mdogo wangu, yeye anakanyaga mimi nalegeza nati ya kutolea upepo yenye kimpira, tukaanza na tairi la mbali kabisa, nyuma kulia, mpaka vipovu vikaisha kwenye kimpira. Pedi pia nikabadili, za kuhimili joto.

Niliporudi nilikua namalizia kila raundi taratibu breki zipoe, na nikipaki sivuti hendibreki. Raundi zote pedeli ngumu vilevile.