Jinsi tulivyolisha kambi bila ghala

Vita vya kuikomboa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, nilikuwa msichana wa uwanda wa Mueda, kaskazini mwa nchi, na kazi niliyopewa ilikuwa kuhakikisha wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru dhidi ya Wareno, wanakula. Silaha na dawa zilitoka Tanzania, zikavushwa mto Ruvuma, kisha zikaingia ndani vichwani mwetu, juu ya kata za nyasi. Chakula kilitoka katika mashamba yetu wenyewe.

Kiongozi mmoja alituagiza tukusanye mavuno yote katika ghala moja ili yahesabike kwa urahisi, na ushauri ule unaniudhi mpaka leo. Tulijenga ghala imara la miti, tukaliezeka kwa nyasi mpya, na nyasi zile zilikuwa bado zinang'aa katikati ya msitu ndege ya Wareno ilipopita asubuhi. Ilizunguka mara moja tu. Jioni tulifukua majivu kwa mikono. Makopa tuliyoyaokoa yalikuwa meusi nje na yananuka moshi hadi ndani, nasi tukayatwanga hivyo hivyo kwa kuwa hatukuwa na mengine.

Baada ya hapo nilikataa ghala. Tulitawanya chakula katika vihenge vidogo, kila kimoja kikiwa na mizigo minne au mitano, chini ya miti yenye kivuli kizito, na mapaa tukayaezeka kwa nyasi kuukuu zilizokwisha kupoteza rangi. Kila mwanamke alijua vihenge viwili tu, ili akikamatwa asiwe na mengi ya kusema. Vibanda vya kulala tulivijenga kwa kupinda matawi na kuyafunga kwa kamba za magome, maana kisiki kibichi ni cheupe na huonekana kutoka angani. Tulipika usiku kwa kuni kavu kabisa, na moto ulizimwa kabla ya alfajiri.

Maji tuliyafuata mabondeni, kwa kuwa uwandani ni adimu. Chumvi tuliipata kwa korosho na karanga zilizopelekwa Tanzania. Mzigo mmoja mzuri wa korosho ulitupatia chumvi ya kama mwezi hivi, ingawa kiasi kilibadilika kila msimu.

Mwaka 1970 Wareno walipoleta operesheni yao kubwa na kambi yetu ikalazimika kuhama, walichoma vihenge vitatu kati ya vyote nilivyosimamia. Vilivyosalia vilitulisha hadi mvua za kwanza, na wanawake wawili waliokamatwa hawakuwa na kingine cha kuonyesha.