Ijaribu Linux ndani ya Windows kwanza

Mtu akiniambia anataka kuijaribu Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows, ila anaogopa kuharibu Windows yake namwambia usiguse diski yako kabisa, instoli VirtualBox, programu inayotengeneza kompyuta ya kuigiza (mashine pepe) ndani ya kompyuta yako, halafu iweke Ubuntu, aina moja ya Linux, humo ndani kama unavyoweka programu yoyote. Ni bure, ipo tangu 2007, na ukiichoka unaifuta tu hiyo mashine pepe, Windows hata haijui kama kulikuwa na mgeni.

Mimi siku ya kwanza nilikwama kabla hata sijaanza. Nafungua orodha ya kuchagua mfumo naona za biti 32 tupu, zile za kizamani, na faili langu la ISO, lile la kuinstolia Ubuntu, ni la biti 64. Nikajua nimedaunlodi vibaya, nikadaunlodi upya lote, bado vilevile. Kumbe kwenye BIOS ya laptop, ile mipangilio unayoingia kabla Windows haijawaka, ule uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe ulikuwa umezimwa; kwa prosesa za Intel unaitwa VT-x, kwa AMD wanauita AMD-V. Nikauwasha, nikarestati, biti 64 zote hizo hapo. Intel walianza kuuweka 2005 na AMD 2006, kwa hiyo prosesa yako karibu lazima inao, we angalia tu kama umewashwa.

RAM ndo penye kazi. Una GB 8 halafu unaipa Ubuntu 6, hapo Windows itabaki na njaa na zote mbili zitaburuta. Mimi naipa 4 na kori 2 za prosesa, nafunga brauza ya upande wa Windows, inatembea safi. Na ukiona skrini imekaa kidirisha kidogo katikati ujue bado hujainstoli Guest Additions, nyongeza ya VirtualBox inayowekwa ndani ya Ubuntu. Kipanya kikinasa humo ndani bonyeza Ctrl ya kulia.

Ila kilichonifanya niipende hii kitu ni snapshoti, yaani unahifadhi hali ya mashine pepe nzima ilivyo sasa ili uweze kuirudia baadaye. Kuna siku nilitaka toleo jipya la Python, lugha ya kuandikia programu, nikaamua kuifuta ile iliyokuja na mfumo, sikujua kama nusu ya Ubuntu imeiegemea. Terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ikamwaga majina ya vitu vitakavyoondoka, skrini nzima, nikaandika y bila kusoma. Kurestati, dekstopu hakuna, kuna maandishi meupe kwenye weusi yananidai jina na paswedi. Nikaizima, nikarudisha snapshoti ya asubuhi, dakika haijaisha dekstopu yangu ile imerudi kama ilivyokuwa. Kwenye kompyuta halisi hapo ningeanza kuinstoli upya usiku huo.

Sasa uangalie, ukirudi kwenye snapshoti ya asubuhi na faili ulizoandika mchana ndani ya mashine zinaondoka, tena snapshoti sio bakapu, diski ya kompyuta yenyewe ikifa zinakufa zote. Ili kurudisha snapshoti kusinifutie kazi zangu, zote naziweka kwenye folda ya kushea iliyoko upande wa Windows, huko snapshoti haifiki.